Punje Moja ya Mama Goreti

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo, nawaona na kompyuta zenu na viti vyenu vya kuzunguka, na wivu unanishika kidogo, sitaficha. Mimi nilianza na benchi la miguu mitatu na nusu, katika kituo kidogo cha afya upande wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, wakati wa vita. Benchi lile ukikaa vibaya linakumwaga. Liliwahi kunimwaga mbele ya mama mmoja aliyekuwa hajacheka tangu amzike mtoto wake. Alicheka mpaka akashika mbavu. Jioni nikaandika katika ripoti: "Mgonjwa ameondoka na nafuu." Sikuandika dawa ilikuwa ipi.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa hesabu. Shule yetu ilifungwa kwa sababu ya risasi, nikasikia kuna kituo kinatafuta watu wanaojua kusoma, kuandika na kunyamaza. Mawili ya kwanza nilikuwa nayo. La tatu, waulizeni mke wangu na watoto. Lakini walinipokea, na watu wa mtaa wakaanza kutuita waganga wa mawazo, wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka tu.

Aliyetufundisha ni Madame Imakulata, Mrundi mwenzetu, mfupi, mkali, aliyesomea saikolojia ng'ambo akarudi nyumbani wakati wengine wanafunga mizigo kuondoka. Alitupa kile mnachokiita leo saikolojia ya utambuzi. Alisema hivi: jambo linampata mtu, na mtu anasikia uchungu, lakini katikati ya hayo mawili kuna maneno ambayo mtu anajiambia. Mlango umelia kwa nguvu. Mmoja anajiambia ni upepo, anaendelea kumenya mihogo. Mwingine anajiambia wamekuja, anaingia chini ya kitanda. Mlango ni ule ule! Kazi yetu, alisema Madame, ni kumsaidia mtu ayasikie maneno yake mwenyewe, ayaweke hapa mbele, ayapime kama ni ya kweli yote, au nusu, au si ya kweli hata kidogo.

"Kuyapima," alirudia akinitazama mimi, "si kuyafuta."

Mimi nilisikia kufuta. Mwalimu wa hesabu akiona kosa ubaoni, mkono unakwenda kwenye kifutio wenyewe.

Wiki yangu ya kwanza alinijia fundi seremala mwenye karakana kule Cibitoke, kaskazini mwa mji. Alikuwa amekimbilia kwa dada yake huku kwetu. Akaniambia haendi tena kwenye karakana yake kwa sababu akienda atauawa. Nikafurahi! Nikajiambia, haya, hili ndilo wazo lenyewe, limejileta. Nikakaa vizuri kwenye benchi, nikamwuliza kama nilivyofundishwa: "Una ushahidi gani?" Yule mtu aliniangalia kwa huruma kabisa.

"Mwalimu," akasema, "we unakaa mu Bujumbura hii hii, ao ulishuka na ndege leo?"

Jirani yake wa kulia alikuwa ameuawa, wa kushoto alikuwa ameuawa, na mimi nauliza ushahidi. Madame Imakulata aliposikia alinivua nguo mbele ya wenzangu, kwa maneno. Kuogopa risasi wakati zinalia si ugonjwa, alisema, ni akili, na mtu huyo apewe pongezi. Basi hilo wekeni akilini mapema: msikimbilie kumwambia mtu kwamba hofu yake ni ya uongo. Kwanza tokeni nje muangalie.

Kosa lingine lilikuwa dogo lakini lilinila miezi. Nilikuwa nauliza watu: "Kichwa kilikuambia nini?" Wananitazama tu. Kichwa? Siku moja mzee mmoja akanihurumia: "Kichwa ni cha kubeba mizigo, mwanangu. Mutu anaambiwa na roho." Mimi Mrundi, nimezaliwa na kukulia hapa, nilikuwa nimesahau kwetu mtu anawaza kwa moyo, kwa sababu kitabu cha wageni kilichora kichwa! Tangu siku hiyo niliuliza, "Roho ilikuambia nini?" na watu wakaanza kujibu.

Na madaftari, je? Mtindo wetu ulikuwa wa safu tatu: nini kimetokea, nimejiambia nini, nimesikia nini. Watu wanaandika nyumbani, mimi nakusanya. Siku moja mchana nikafika kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, na madaftari tisa kwapani. Askari kijana akafungua moja, akasoma kwa sauti: "Nilijiambia leo usiku watakuja." Akanyanyua macho.

"Nani atakuja? Na umejuaje?"

Vijana, jasho lililonitoka siku hiyo sijalipata tena. Kila daftari lilikuwa limejaa nani atakuja, nani atakufa, nani hamwamini jirani wa mlango wa pili. Nikaeleza kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na nadhani nilitia na hesabu. Saa nzima. Mwisho akanirudishia yote, akanivuta pembeni akaniuliza taratibu kama nina dawa ya mtu anayeshtuka usingizini. Nikamwambia aje kituoni, akaja kweli. Ila madaftari yale Madame aliyachoma siku hiyo hiyo katika jiko la kituo, na ikawa marufuku kuandika.

Sasa tupime na nini? Hapo ndipo nilipokutana na maharagi.

Kituo kilikuwa na jiko la kuwapikia watoto waliokonda, na kila asubuhi akina mama walikaa uani wakichambua maharagi kwenye ungo, wakitoa mawe na punje zilizooza. Benchi langu lilikuwa limevunjika moja kwa moja wiki ile, basi nikaenda kukaa nao na mgonjwa wangu, ungo katikati yetu. Ajabu! Mtu ambaye ofisini alikuwa kimya, mikono ikipata kazi, mdomo unafunguka. Halafu hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni, na mnajua kwetu kumkodolea mtu macho si adabu. Hata leo nikisikia mmemweka mtu mbele ya meza mnamtumbulia macho kama mpiga picha, roho inaniuma.

Uani hapo ndipo Goreti alipomleta mama yake.

Goreti alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, msusi wa nywele, mdomo mwepesi. Mama yake alikuwa mwuza mawese sokoni Kanyosha, mwanamke mrefu aliyevaa nguo za matanga zilizopauka.

"Mwalimu, huyu ni mama," akasema Goreti. "Shida ni yangu, lakini ugonjwa eko nao yeye."

"Mi siko mugonjwa," akajibu mama. "Nalala, nakula, nauza. Huyu anataka bwana, ni ile tu."

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kwetu, mtu akifa, matanga yanavunjwa mara mbili: mara ya kwanza siku chache baada ya mazishi, mara ya pili, ile ya mwisho, yapata mwaka baadaye. Ndugu na majirani wanaalikwa, wanakunywa, mkubwa wa familia anasema maneno, na wafiwa wanaruhusiwa kuishi tena kama watu. Kabla ya hapo familia ya Goreti isingeweza kupokea mahari. Baba yake alikuwa amekufa sasa ni mwaka wa tatu, na mama hataki matanga yavunjwe. Mchumba alitoka mtaa wa Mutanga Nord, kijana mtulivu, lakini wazee wake walikuwa wamechoka. Walisema watangoja mpaka mvua zianze, zisipowakuta na jibu watamtafutia kwingine.

Nikampa mama ungo. Tukachambua. Siku ya kwanza alinionyesha tu kwamba naacha mawe. Siku ya pili pia. Siku ya tatu akasema bila kunyanyua kichwa:

"Mutu hawezi kuua, kisha aite watu waje kunywa."

Nikauliza, "Nani ameua?"

"Mi njo nilimuua Baba Goreti."

Akaeleza. Ilikuwa asubuhi nyeupe kabisa. Alikuwa amesahau sokoni kopo lake la kupimia mawese, akamwambia mumewe alifuate. Mume akavaa kofia, akatoka. Bomu lilianguka njiani. Hakuna aliyejua lilitoka kwa hawa au kwa wale. Kofia ndiyo iliyorudi.

Nikasogeza pembeni ya ungo punje ishirini, zile za mchanganyiko, nyekundu, nyeupe, njano, za madoa. Nikamwambia: "Mama, tuseme hizi ndizo lawama zote za kifo kile. Zigawe. Kila mwenye mkono ndani yake, mpe zake."

Akazisukuma zote mbele ya magoti yake. Ishirini.

"Sawa," nikasema. "Ile asubuhi, wakati unamtuma, roho ilikuambia nini?"

"Iliniambia kopo itaibiwa."

"Haikukuambia kuna bomu?"

"Ningemutuma kama ingeniambia?" Alifoka kweli, akina mama wengine wakageuka. Halafu mkono wake ukasimama juu ya maharagi, kama mtu aliyesikia mwingine akisema.

Sikusema neno. Nawaapia, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Baada ya muda akachukua punje nyingi kwa kiganja, akaziweka mbali. "Zile ni za mwenye kurusha." Akaongeza tatu: "Na za mwenye kumutuma arushe." Akaweka mbili kando: barabara kubwa ilikuwa imefungwa, ndiyo sababu mume alipita njia ya chini. Halafu akashika moja, akaanza kutabasamu.

"Na hii ni yake mwenyewe. Alisimama kwa fundi wa baiskeli. Yule mutu alipenda maneno, Mwalimu! Ukimutuma chumvi, anarudi ile chakula imekwisha kuliwa." Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakatoka. Akina mama wakaendelea kuchambua, hakuna aliyemgusa, na ilikuwa sawa hivyo.

Alirudi mara nne. Kila mara tulizigawa upya, na kila mara mbele yake zilipungua. Goreti akaniambia mama ameanza kuimba akiosha vyombo. Nilivimba kichwa! Nilimweleza Madame Imakulata hesabu zangu kama mwanafunzi anayepeleka ripoti nyumbani. Siku ya mwisho ikabaki punje moja mbele ya Mama Goreti, ya njano, yenye doa jeusi pembeni.

"Na hiyo?" nikauliza.

"Hii ni yangu."

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilitaka sifuri. Nikaanza kubishana naye. Nikamwambia hesabu inakataa, hakujua, hakukusudia, kila mke wa Kanyosha alimtuma mtu sokoni asubuhi ile na wengine wote walirudi. Yote hayo yalikuwa kweli. Akasema tena polepole, "Mwalimu, ile ni yangu." Nami nikanyoosha mkono wangu huu, nikaichukua ile punje, nikaitupa kwenye fungu la mwenye kurusha bomu.

"Umeona? Imekwisha!"

Mama Goreti akainuka. Akafunga kitenge chake vizuri, akawaaga akina mama wote mmoja mmoja, mimi akanipita. Hakurudi wiki ile, wala ile nyingine, wala mwezi uliofuata. Mawingu yakaanza kukusanyika juu ya milima. Goreti akaja peke yake, macho mekundu, akanifokea mbele ya foleni nzima:

"Ulimufanya nini mama? Alikuwa anaimba! Sasa hata kusema hasemi. Wazee ba Mutanga Nord wametuma mutu jana, wanataka jibu. Mi nitawaambia nini?"

Nilikwenda kwa Madame Imakulata nikitegemea anifundishe mbinu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Roho ilikuambia nini, wakati unaichukua ile punje?"

Wee! Swali langu mwenyewe. Nikatafuta jibu la heshima, sikulipata. Roho iliniambia, Zakariya, umeshinda. Nilimjibu hivyo hivyo. Akasema, "Basi nenda."

Nikaenda kwa miguu hadi kwa Mama Goreti, mchana. Mfukoni nilikuwa na punje moja ya njano niliyoitafuta asubuhi nzima kwenye gunia la kituo. Alikuwa uani anaosha madumu ya mawese. Hakunikaribisha, hakunifukuza pia. Nikaitoa ile punje nikaiweka juu ya dumu.

"Nimeirudisha, mama. Nisamehe. Haikuwa yangu kuitupa."

Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga.

"Siyo ile. Ile ilikuwa na doa."

"Nilitafuta, mama. Gunia zima."

"Gunia nzima?" Akaniangalia, na nikaona mdomo unataka kucheka na yeye anaukataza. "Pole na kazi."

Akakaa juu ya dumu, akaniachia kigoda. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, na ndiyo sababu ya kuwaandikia haya yote.

"Mwalimu, sikumuua. Ile umenionyesha, na nimekubali, nalala nayo vizuri. Lakini nilimutuma. Ni mi njo nilimutuma, na alienda bila kunung'unika juu ya vile alinipenda. Sauti yangu njo ya mwisho alisikia mu nyumba yake. Ukiniondolea na ile, mi nabaki na nini ya mume wangu?"

Nikavuta dumu moja, nikaanza kulisuuza. Nilipomaliza la pili akauliza:

"Sasa niambie. Mutu mwenye alituma tu, hakuua, anaweza kuvunja matanga?"

Neno "ndiyo" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikalirudisha.

"Roho inakuambia nini, mama?"

Akafikiri. Akaifunga ile punje kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo kwa meno.

"Inaniambia Goreti anazeeka."

Mlango ukafunguka kwa ndani, kumbe Goreti alikuwa ameweka sikio pale muda wote. "Mama!" Tukacheka sote watatu, na mimi, sioni haya kusema, nikalia kidogo.

Matanga yalivunjwa Jumamosi, kabla mvua hazijashika. Shughuli ilianza saa nne asubuhi ili watu wawahi makwao kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Turubai lilifungwa uani, pombe ya ndizi ilikuwepo, fundi wa baiskeli alikuwepo na alisema maneno marefu kama marehemu. Wazee wa Mutanga Nord walikaa mstari wa mbele. Kaka mkubwa wa marehemu alisimama akasema mwenye kwenda amekwenda, na waliobaki sasa walime, wauze, waoe na kuolewa. Mama Goreti alitoka ndani na kitenge kipya cha kijani. Watu wakapiga makofi, na Goreti akalia kuliko siku ya mazishi.

Baadaye kikaja chakula: wali, ndizi, na sufuria kubwa la maharagi yaliyoungwa kwa mawese yake mwenyewe. Mama Goreti alinipakulia kwa mkono wake. Nikatazama pindo la kitenge kipya. Hapakuwa na fundo. Nikamtazama yeye, na nafikiri swali lilionekana usoni, maana aliinama karibu na sikio langu.

"Niliitia asubuhi pamoja na zingine," akasema. "Maharagi ikishaiva haina doa tena. Saa hii sijui iko mu sahani ya nani. Kula, Mwalimu."

Nilikuwa na la kusema, vijana wangu. Mnanijua. Nikalimeza na maharagi.